Bomba Nene la Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, nilipopanda kilima cha wakwe zangu nimebeba sururu begani. Sikuwa nimeitwa. Sikuwa na mshenga, sikuwa na mbuzi, sikuwa hata na kilo moja ya sukari. Nilikuwa nakwenda kufukua kitu nilichokifukia kwa mikono yangu mwenyewe katika shamba la baba mkwe, kisha niondoke nacho mbele ya macho yake. Kama yupo kijana mwingine wa Ngara aliyewahi kwenda ukweni kwa namna hiyo na akabaki na mchumba, basi aje tunywe uji pamoja, maana mimi sijamsikia.

Leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Nakusimulia wewe kwa sababu nawaona mnavyopita hapa dukani kwangu Runazi, mmevaa kofia ngumu na viatu vya chuma mbele. Kila baada ya siku chache mmoja wenu ananijia: "Shikamoo babu, nimepata kazi ya mabomba." Marahaba, mwanangu. Huyu mabomba ya maji, yule bomba la mafuta. Nafurahi, tena nafurahi kweli, maana wakati wetu kijana wa huku akitaka kazi alifunga mzigo akaenda mbali. Lakini nikikuuliza bomba lenyewe ni la klasi gani, unanitazama kana kwamba nimekuuliza jina la nyanya aliyemzaa babu yako. Haya, kaa hapo kwenye ndoo, ndoo ni nzima. Nikueleze jinsi bomba lilivyotaka kuninyima mke.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ufundi, cheti bado kinanukia wino, na nilijiona najua maji kuliko mvua yenyewe. Wakanichukua kwenye mradi mmoja wa maji ya mserereko hapa Biharamulo. Maji ya mserereko ni yale yanayoshuka yenyewe kutoka kilimani bila injini. Chanzo kilikuwa juu, upande wa Nyabusozi. Pale tulijenga tangi. Kutoka kwenye tangi bomba lilipita kwenye mashamba ya mihogo, likashuka mpaka bondeni, na bondeni ndiko kulikokuwa na kijiji chenyewe kinachosubiri maji. Watu wa bonde lile walikuwa wakichota lamboni pamoja na ng'ombe. Ng'ombe akiingia upande huu, mama anachota upande ule. Kila masika watoto walikuwa wanaharisha, na wengine, Mungu awarehemu, hawakuinuka tena.

Sasa sikiliza habari ya mabomba, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Lori lilileta mabomba ya plastiki ya aina mbili. Ukiyatazama kwa mbali yote ni ya kijivu, yote marefu sawa. Ukiyashika, moja lina ukuta mwembamba, jingine ukuta mnene. Ubavuni yameandikwa. Lile jembamba klasi B, linavumilia presha ya baa sita, baa ndicho kipimo chake. Lile nene klasi D, linavumilia baa kumi na mbili. Na maji, mwanangu, ukiyafungia ndani ya bomba la mteremko, ya juu yanayakalia ya chini mabegani. Kila ukishuka mita kumi, presha inaongezeka baa moja. Juu karibu na tangi bomba halijui hata kama limebeba kitu. Chini bondeni ndiko linakolia. Kwa hiyo ramani ilisema wazi: membamba yakae juu, manene yakae bondeni. Ramani hiyo nilikabidhiwa mimi, nikaikunja vizuri, nikaiweka mfukoni, na mfukoni ikabaki.

Karibu na tangi kabisa palikuwa na boma la Mzee Masanja. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu mrefu, sauti nzito, mkali wa macho na mwepesi wa kucheka pale usipotarajia. Bomba letu lilikuwa lipite katikati ya shamba lake. Binti yake aliitwa Kabula. Sitakueleza Kabula alivyokuwa, maana yuko hapo nyuma anapepeta maharage na masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimeshamchumbia, ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa baba yake, na kilichobaki ilikuwa kupangiwa siku ya harusi.

Ikafika siku ya msaragambo. Vijiji vyote vilitoka na majembe kuchimba mtaro, kila kaya ikapewa kipande chake. Mzee Masanja akaja kutazama kinachopita kwake. Akainua bomba moja jembamba kwa mkono mmoja, akaligonga kwa fimbo, likalia ko.

"Mkwilima," akaniita. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mkwe wa kiume. "Hili ndilo la kupita kwangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na yale manene ni ya nani?"

"Ya bondeni, baba."

Akaligeuza lile bomba, akachungulia ndani yake kama anatafuta panya. "Kwa hiyo wa bondeni mnawapa mnofu, mimi mnanitupia mfupa."

Watu wakaangua kicheko. Nikajitetea kwamba ni utaratibu wa ramani. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Hiyo ramani ndiyo inayooa kwangu, au ni wewe?"

Ungefanya nini, mwanangu? Usinijibu haraka. Kwetu, kitu chembamba huwezi kukipeleka ukweni. Ukipeleka kuku, unachagua jogoo. Ukipeleka ndizi, unachagua mkungu ulionenepa. Nikasema moyoni, kumbe na mimi nina akili gani hii, nampitishia mkwe ufito shambani? Tena mtu akitaka kukosea hakosi elimu ya kumsaidia. Nikajiambia kwamba maji yanatoka juu kwa nguvu, basi manene yakae huku juu yayazuie, yakifika bondeni yatakuwa yamechoka. Maji yachoke! Chuo kizima nilichosoma kikayeyuka kwa swali moja la baba mkwe.

Tukapandisha mabomba manene kilimani. Yalikuwa yamehesabiwa yatoshe bondeni tu, kwa hiyo kila nene lililolala shambani kwa mkwe lilimaanisha jembamba moja linakwenda kulala bondeni mahali pake. Kisha nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Sheria ya kazi ni kwamba maungio yanaachwa wazi, hayafukiwi mpaka mkaguzi ayaone na bomba lipimwe kwa presha. Lakini ng'ombe wa mzee walikuwa wanapita pale, na mama mkwe alikuwa ameshachinja kuku, na mimi nilitaka mkwe aone kazi imekamilika. Nikafukia yote jioni ileile, nikasawazisha udongo kwa nyuma ya koleo mpaka ukapendeza. Kabula akaniletea maji ya kunawa huku akitabasamu. Nilikula kuku yule kwa raha zangu zote.

Jumatano akaja Mzee Kaijage. Huyu alikuwa Mhaya wa makamo, mkaguzi wa mradi, mtu wa maneno machache. Mfuko wake wa shati ulikuwa na kalamu upande mmoja na buni za kutafuna upande mwingine. Alianzia bondeni. Alitembea kando ya mtaro polepole, mikono nyuma, na kila alipofika kwenye bomba aliinama akasoma maandishi ya ubavuni, akaandika. Akatembea, akainama, akasoma, akaandika. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikihesabu mabomba yaliyobaki.

Mwishoni akasimama pale chini kabisa.

"Hapa tuko chini ya tangi mita ngapi?"

"Themanini, mzee."

"Presha yake?"

"Baa nane."

"Na bomba hili linasema linaweza ngapi?"

Nikajibu kwa sauti ndogo, "Sita."

Akatia buni mdomoni. Hapo, mwanangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi wote, nami nikapita dirishani. Nikamwambia lori lilichanganya mzigo. Akatafuna mpaka akamaliza. "Lori," akasema. "Lori halina mikono, kijana. Manene yako wapi?" Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale. Nikamweleza yote, ya mnofu na mfupa, ya ramani isiyooa, na ya kuku.

Nilidhani atacheka au atanifukuza kazi. Hakufanya hata moja. Alikaa ukingoni mwa mtaro, miguu ikining'inia ndani, akanipigia udongo wa kando yake niketi.

"Maji hayana wakwe," akasema. "Hayajui hapa ni kwa nani na pale ni kwa nani. Yanachojua ni chini kuko wapi. Heshima ya Mzee Masanja mpelekee mbuzi, mpelekee blanketi. Bomba mpe yule linayemfaa." Kisha akaninyooshea karatasi yake. "Ukaguzi huu nitausaini kwa jina langu. Siku moja mimi na wewe hatutakuwepo, na mama mmoja wa hapa atasimama na ndoo mbele ya koki kavu. Sitaki asome jina langu."

Nikamwuliza kama tunaweza kuagiza manene mengine. Akaniambia yatachukua msimu mzima, na mvua zitakuwa zimejaza mtaro na kubomoa kazi ya watu wote. Nikamwomba basi aniandikie barua ya mradi, yenye mhuri, nimpelekee mkwe. Akaniuliza, "Barua ya kumficha nani nyuma yake?" Akainuka, akajipangusa suruali. "Tunapima Jumamosi. Umeyaweka wewe, utayatoa wewe. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, bwana mdogo. Kachutame."

Ndiyo maana Alhamisi nilikuwa napanda kilima na sururu. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mdogo, naye alikuwa Ngara. Kwenda kumfuata na kurudi, Jumamosi ingekuwa imepita. Na kwa wakwe zangu, kama ilivyo kwetu, kitu kikishavuka kizingiti cha ukweni hakirudi. Kukirudisha ni kusema uchumba umekufa. Nilijua hivyo. Kila hatua niliyopanda nilijiona namwacha Kabula, na moyo uliniuma, sikufichi. Nilikuwa nampenda mtoto wa watu.

Nikakutana naye njiani, anateremka na kuni kichwani. Akatazama sururu, akanitazama usoni. Nikamweleza. Hakulia wala hakunibembeleza. Alishusha mzigo wa kuni, akafikiri kidogo.

"Habari za lori utamwambia?"

"Hapana."

"Usithubutu. Baba anamchukia mtu anayezungukazunguka kuliko anavyomchukia fisi. Nenda moja kwa moja, mwambie umekosea." Akainua kuni zake. Halafu akageuka. "Na ukila kuku wa watu, uwe unajua umekula kwa sababu gani." Akaondoka anacheka.

Mzee Masanja alikuwa uani anachonga nira ya ng'ombe wa kulimia. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akatazama sururu. "Mkwilima haji na sururu."

Nikasema. Nilisema kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu: kwamba manene yalikuwa ya bondeni tangu mwanzo, kwamba niliyaleta kwake ili anipende, kwamba ramani nilikuwa nayo mfukoni, kwamba yakibaki hapa bomba la bondeni litapasuka na watu watarudi kuchota lamboni, na kwamba nimekuja kuyachukua. Sikumtaja Mzee Kaijage. Sikutaja mradi. Niliona bora lawama iwe na kichwa kimoja.

Kisu chake kilisimama juu ya mti. "Ulinipa mbele ya watu," akasema hatimaye, polepole. "Leo unanivua mbele ya watu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikabaki nimepiga goti, kuku wananizunguka. Baadaye sana mama mkwe akatoka, hakunitazama usoni, akasema, "Mzee anasema chimba. Usikanyage mihogo yake. Na habari za Kabula zimelala." Zimelala, mwanangu. Hilo ndilo neno alilotumwa, nami nililijua uzito wake.

Nikachimba. Jua likapanda, nikachimba. Majirani wakaja kusimama pembeni, na midomo ya watu unaijua. Mmoja akapaza sauti: "Njooni mwone bwana harusi anavyofukua mahari yake!" Mwingine akauliza kama na kuku nitamtapika. Ng'ombe haelemewi na nunduye, nikajiambia, lakini siku ile nundu yangu ilikuwa nzito. Nilitaka kulia nikaona nitawaongezea tamasha.

Mara nikasikia jembe jingine likipiga udongo upande wa pili. Walikuwa wanawake wawili wa bondeni. Habari ilikuwa imewafikia, hata sijui kwa mdomo wa nani, wakapanda kilima na majembe yao. Mmoja wao nilimfahamu. Masika yaliyopita alikuwa amezika mtoto. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alisema, "Tuanzie wapi?" Nikamwonyesha. Tangu hapo hakuna jirani aliyetania tena, na wawili watatu wakashika majembe na wao.

Mabomba yale, kwa bahati, yalikuwa ya kuunganishwa kwa ringi za mpira. Ya gundi yangetubidi tuyakate. Tuliyachomoa moja moja, na kila lilipotoka nililifuta kwa kitambaa chenye maji, nikageuzia mdomo wake kwenye mwanga, kama Mzee Kaijage alivyokuwa ameniagiza. Na unajua nilichoona? Lile nene la mbele kabisa, ambalo Mzee Masanja mwenyewe alilisifia siku ile, lilikuwa na ufa mdomoni, mwembamba kama unywele. Liliangushwa wakati wa kushusha lori. Ningelifukia na ufa wake, na udongo ungelifunika vizuri kabisa, na mimi ningekwenda kula. Unene haukulisaidia kitu kwa sababu hakuna aliyelitazama. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nililiweka kando, nikaketi juu ya udongo.

Ijumaa tuliyalaza bondeni, yale membamba yakapandishwa shambani kwa mkwe mahali pake, na maungio yote tukayaacha wazi. Mzee Kaijage alinisimamisha juu ya kila bomba nisome maandishi yake kwa sauti, mpaka koo likaniwasha. Nikisoma, anaandika. Pale ambapo lile lenye ufa lingekaa, tulijaza kwa kipande cha bomba la chuma kilichosalia kwenye kivuko cha kijito, na hata hicho alikizungushazungusha mkononi kabla ya kukikubali.

Jumamosi ndiyo siku ya kupima. Tulifunga valvu ya juu na ya chini ili tukipime kipande cha bondeni peke yake. Tukajaza maji, tukaitoa hewa yote, tukafunga pampu ya mkono na geji. Kijiji kizima kilikuwa pale. Na katikati ya watu nikaona kofia ya Mzee Masanja. Alikuwa ameshuka kilima kwa miguu, fimbo mkononi. Watu walimpisha njia. Nikamwamkia, akaitika bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kaijage.

"Hii saa inapima nini?"

"Nguvu ya maji ndani ya bomba," akajibiwa. "Bomba likivuja, mshale unashuka."

Akavuta jiwe, akaketi mbele ya geji.

Tukapampu mpaka baa kumi na mbili, zaidi ya zile nane zitakazokuwemo siku zote, maana ndivyo sheria inavyotaka, bomba lijaribiwe kwa kuzidi. Tukasubiri. Haukupita muda, Mzee Masanja akainua fimbo. "Umeshuka." Kweli, mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu, na ungio moja lilikuwa linatoa jasho. Nikaruka nikalikaze kabla watu hawajaona. Mzee Kaijage akanishika bega. "Acha. Andika kwanza." Nikaandika kwa mkono wangu, mbele ya wote, kwamba ungio hili limevuja na ni mimi niliyelifunga. Tukatoa presha, tukabadilisha ringi, tukaanza upya tangu mwanzo. Mzee Masanja hakuondoka kwenye jiwe lake. Walimletea kiti, akakataa. Jua lilimzunguka kutoka bega moja hadi jingine, naye macho hayatoki kwenye geji.

Safari hii mshale ulisimama mpaka muda wa kitabu ukaisha. Mzee Kaijage akasaini. Wanawake wakapiga vigelegele. Hapo ndipo baba mkwe alipouliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mkaguzi, nikuulize. Yale membamba yangeachwa hapa, leo yangepasuka?"

Mzee Kaijage angeweza kusema ndiyo, na mimi ningetoka shujaa. Hakusema hivyo. "Leo? Huenda yasingepasuka. Yangevumilia leo, yangevumilia na mwaka huu. Yangepasuka sisi tumeshasahaulika, nanyi mmeshafukia lambo lenu."

Mzee Masanja akatikisa kichwa taratibu. Akainuka kwenye jiwe, magoti yakalia, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza," akasema. "Ungemwoa binti yangu, ungekula kuku wangu mwaka huu na mwaka ujao, na nisingejua."

"Ndiyo, baba."

"Wale ng'ombe uliowaleta niliwakagua meno, nikawakagua kwato, nikawatembeza. Nikamrudisha mmoja mwenye jicho bovu, na mshenga wako akanuna." Akanisogelea. "Nilikagua ng'ombe. Aliyewaleta sikumkagua, nilimwona tu ana adabu. Mwenye adabu tu ningemkuta popote." Akaweka mkono wake mzito begani kwangu, pale pale sururu ilipokuwa imechubua. "Mlete baba yako mdogo. Tupange siku."

Nililia, mwanangu. Mbele ya kijiji kizima, fundi mwenye cheti, nililia kama mtoto, na sikuona haya.

Basi, hilo ndilo nililotaka ulisikie kabla hujaenda kwenye kazi yako. Ukipewa mabomba na vifaa, viwe vya maji au vya mafuta, chagua kwa mzigo vitakaoubeba na mahali vitakapolala. Usichague kwa jicho la anayekutazama, awe bosi, awe rafiki, awe baba wa mchumba. Soma kila bomba, hata la mia, hata ukiwa na njaa, kwa sababu lenye ufa halipigi kelele. Usifukie kitu ambacho mwingine hajakiona. Udongo ni mwepesi kumwagwa, na kuuondoa ni kazi nyingine. Sheria zile za kitabuni zinawachosha, najua, nasikia mkizilalamikia hapa mkinunua soda. Ziliandikwa kwa ajili ya siku ambayo wewe hutakuwepo kujieleza. Na ukikosea, maana utakosea, wewe ni mtu, peleka kosa lako mwenyewe kwa miguu yako, mapema, bila lori na bila barua. Niliogopa kwamba ukweli utaniondolea Kabula. Kumbe uongo ndio ungenipa mke ambaye baba yake hanijui, na ningeishi miaka yote hii nikisikiliza kama bomba limepasuka.

Nenda sasa, jua linakwenda. Mungu wa baba zako akupe jicho la kuona kasoro ikiwa bado ndogo, na ulimi wa kuitaja kabla hujaulizwa. Akupe mkaguzi mgumu na mkwe mgumu zaidi. Kazi ya mikono yako idumu kuliko jina lako, na mtu usiyemjua, katika bonde usilolijua, afungue koki asubuhi akute maji, wala asihitaji kamwe kuuliza ni nani aliyelaza bomba.